Sevo ya "kilo 11" inashindwa chupa ya robo lita. Nimepigwa, au mimi ndiye sijui hesabu?

#1 mtundu_moro
Wakuu, habari za jioni. Nipo Morogoro, nina mkono wa roboti nilioanza kuuchonga tangu Ramadhani. Plaiwudi ya milimita 6, sevo (mota ndogo unayoiamuru igeuke hadi pembe fulani na ikae hapo) za MG996R nne (kitako, bega, kiwiko, kifundo) na SG90 moja, sevo ndogo zaidi, ya kufungua na kufunga koleo. Ubongo ni Arduino Uno, kile kibao kidogo cha kompyuta kinachoamuru sevo.

Kazi niliyoupa ni ndogo: chukua chupa ya maji ya robo lita kushoto, weka kulia. Basi. Muuzaji aliniambia sevo hizi ni za "kilo 11". Chupa ni gramu 250. Lakini bega linapanda kama mgonjwa anayetoka kitandani, likifika njiani linatetemeka, halafu linarudi lenyewe, pu! mezani. Mara nyingine Arduino inajizima na kuwaka upya. Bila chupa linapanda, ila kwa kutetemeka, na baada ya dakika mbili sevo ina moto hushiki.

Vipimo: bega hadi kiwiko sm 16, kiwiko hadi kifundo sm 14, kifundo hadi katikati ya chupa sm 10. Umeme ni chaja ya simu ya 5V 2A, napitishia kwenye bredibodi (kile kibao cha matundu cha kuchomekea waya).

Ninunue za kilo 20 au 25? Au nimeuziwa feki?

#2 NgojaWaje
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wenye mikono yao.

#3 fundi_redio
Mkuu, usinunue kitu. Shida yako ni umeme. MG996R moja ukiikaba isizunguke, kwa 6V inavuta mpaka ampea 2.5. Wewe unazo nne, chaja ampea 2. Bega likianza kunyanyua, volti zinaporomoka, Arduino inakosa pumzi, inazima. Hiyo kuzima na kuwaka ndiyo ushahidi wenyewe.

Na hiyo bredibodi itoe hapo. Zile springi za ndani ni za kuwashia taa ndogo, si za kulishia mota. Nimewahi kuona ya mtu imeyeyuka.

#4 SevoKali
Naungana na #3. Hesabu ni rahisi: gramu 250 ni kilo 0.25, mara sm 16 unapata 4. Sevo ni 11. Una nguvu karibu mara tatu ya unayohitaji. Rekebisha umeme, ulale.

#5 Bi_Momenti
SevoKali, chupa umeiweka kwenye kiwiko?

Tuanze na hiyo "kilo 11" kwanza, maana ndiyo inayoliza watu. Si kwamba inanyanyua kilo 11. Ni kilo 11 zikining'inia sentimita 1 kutoka katikati ya shafti. Ukizisogeza sm 10, zinabaki kilo 1.1. Sm 40, ni gramu 275, na hapo mkono wenyewe uwe hauna uzito hata wa unyoya.

Sasa mkono wa mwenye uzi, ukiwa umenyooka umelala sawa na meza, ambapo ndipo pabaya kuliko pote. Kila kitu kinapimwa kutoka bega. Chupa: 0.25 mara 40, ni 10. Koleo na SG90 yake nikadirie gramu 60 kwa sm 34, ni 2. Sevo ya kifundo gramu 55 kwa sm 30, ni 1.65. Sevo ya kiwiko nayo gramu 55 kwa sm 16, ni 0.9. Plaiwudi ya juu gramu 80, kitovu chake sm 8, ni 0.65. Ya mbele gramu 70 kwa sm 23, ni 1.6. Jumla karibu 16.8.

Bega linahitaji 16.8 kusimama tu hewani, hata kupanda bado. Mpe umeme wa TANESCO nzima, sevo ya 11 haitoboi.

#6 NgojaWaje
Si niliwaambia nimekaa siti ya mbele 😂

#7 SevoKali
Nimekubali. Nilisoma "bega hadi kiwiko" nikadhani mkono umeishia hapo. Mwalimu, punguza fimbo.

#8 mtundu_moro
Asante Bi_Momenti, nimeikopi kwenye daftari. Ila kuna kitu bado kinanikwaza. Ukitoa chupa, jumla yako inabaki 6.8. Sevo ni 11. Mbona bila chupa bado linatetemeka na kuchemka?

#9 Bi_Momenti
Kwa sababu 11 ni ya 6V, wewe una 5V. Kwa 4.8V karatasi yake ya vipimo vya kiwandani inasema 9.4. Halafu namba hiyo ni ya pale sevo *imeshagoma*, imesimama inaungua. Si ya kufanyia kazi. Mimi huwa natumia theluthi mpaka nusu yake. Nusu ya 9.4 ni 4.7, wewe unaidai 6.8. Ndiyo maana inatokwa jasho.

#10 Jirani_wa_Luthuli
Niaje wadau, niko Nairobi. Mnapiga hesabu za karatasi lakini mmesahau soko. MG996R zinatengenezwa na kila mtu siku hizi, stika ni ileile, ndani ni tofauti. Nilinunua sita, kila moja na tabia yake.

Fanyeni hivi mjue ukweli. Shika sevo kwenye vaisi. Kile kikono chake cheupe kifungie kijiti cha mbao, pima sm 10 kamili kutoka katikati ya shafti, toboa, funga kamba. Kwenye kamba ning'iniza chupa tupu ya lita moja na nusu. Peleka kijiti kikae mlalo, halafu mimina maji kidogo kidogo kwa kikombe cha kupimia. Kijiti kikianza kuinama, soma maji. Mililita 1000 ni kilo 1, mara sm 10, hiyo ni 10.

Zangu: mbili zilifika mililita 900 hivi, tatu ziligoma kwa 600, ya sita ikatoa mlio kama kusaga mchanga, gia zikaisha meno. Sasa niambieni hiyo 11 iko wapi.

#11 fundi_redio
Jirani, kipimo kizuri. Swali moja: ulikuwa unazilisha umeme gani?

#12 Jirani_wa_Luthuli
Betri mbili za 18650, zile za laptopu, kupitia moduli ya kushusha volti ya LM2596, nimeseti 6V.

#13 fundi_redio
Haya basi. LM2596 imeandikwa ampea 3, na hizo za bei chee tunazopata huku, ukiivuta 2 tu inakuwa pasi. Na betri za kutoa kwenye laptopu mbovu zikichoka zinaangusha volti. Inawezekana sevo zako tatu ni nzima kabisa, ulizinyima chakula ukazipima nguvu. Uliweka mita kwenye waya wa sevo wakati unamimina maji?

#14 Jirani_wa_Luthuli
Mita niliweka kwa moduli, si kwa sevo. Lakini hizo mbili nzuri zilitumia umeme uleule, zikafika 900! Hiyo utaelezaje?

#15 fundi_redio
Ulizipima za kwanza, betri zikiwa zimejaa 😀

#16 Jirani_wa_Luthuli
...sikumbuki nilianza na gani. Nitarudia.

#17 Yakhe_Unguja
Assalaam alaykum. Yakhe, nyote mnataka kuongeza nguvu, hakuna anayetaka kupunguza mzigo. Chukua mpira wa tyubu ya baiskeli, kata ukanda, funga upande mmoja nyuma ya bega kwenye nguzo ya kitako, upande wa pili juu ya mkono karibu na kiwiko. Mpira unabeba uzito wa mkono, sevo inabaki na kazi ya chupa tu.

Angalieni ile taa ya mezani yenye springi, unaisukuma popote inakaa. Muingereza George Carwardine aliipatia hataza mwaka 1932. Haina mota hata moja.

Wangu una mpira wa manati. Sevo ya bega ilikuwa haishikiki, sasa iko baridi kama dafu.

#18 Mzee_wa_Waipa
Vijana mnateseka na vitoi. Nendeni gereji, tafuteni mota ya waipa ya gari bovu. 12V, ndani ina gia ya parafujo, ukizima umeme haishuki hata umning'inizie mtoto. Mimi bega langu linanyanyua ndoo.

#19 SevoKali
Mzee, na unaijuaje imefika nyuzi ngapi? Sevo ina kipima nafasi ndani, waipa inajua kwenda na kurudi tu kufuta mvua.

#20 Mzee_wa_Waipa
Nimefunga potenshiometa ya redio (ile ya kuzungusha kuongeza sauti) kwenye ekseli, Arduino inaisoma, ikifika inakata. Hilo ndilo jibu. Mnadhani ndani ya sevo kuna nini? Ni mota, gia, potenshiometa na kibao kidogo cha saketi. Nimetengeneza sevo yangu kubwa, basi.

#21 NgojaWaje
Mzee kaja na waipa, kesho atakuja mtu na winchi ya lori.

#22 dogo_maonesho
Mimi kwenye maonesho ya sayansi shuleni tulitumia mabomba ya sindano na maji. Unasukuma moja huku, jingine linanyanyua kule. Bei ya soda. Mwalimu alisema hata roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, iliyoanza kazi General Motors mwaka 1961, ilikuwa inaendeshwa kwa haidroliki.

#23 Bi_Momenti
Dogo, mwalimu wako yuko sawa. Ila mkono wako unasukumwa na kidole gumba chako, roboti hapo ni wewe. Ukitaka Arduino isukume bomba, unahitaji mota ya kusukuma, tumerudi kwenye swali la mwenye uzi.

#24 mtundu_moro
Nimerudi na majibu, na aibu kidogo.

Nimeweka mita kwenye waya wa sevo ya bega kama fundi_redio alivyosema. Ikitulia 5.1V. Nikiamuru ipande, namba inaruka, nimeona mpaka 3.8. Kwa hiyo chaja ilikuwa inanidanganya, nakubali.

Jirani yangu ana kompyuta ya mezani iliyokufa, kanipa pawa saplai yake. Waya wa kijani nimeugusisha na mweusi ikawaka. Stika inasema upande wa 5V ni ampea 20. Bredibodi nimeitupa, nimetumia viunganishi vya kukaza kwa skrubu na waya mnene. Mara ya kwanza sevo zote tano zilicheza kama zimepagawa, koleo likapiga meza. Kumbe sikuunganisha waya mweusi wa saplai na ardhi (upande hasi) ya Arduino. Nilipounganisha, utulivu.

Sasa: Arduino haizimi tena. Bila chupa bega linapanda hadi juu bila kutetemeka. Chupa nikiijaza nusu tu, gramu 125, mkono ukiwa umenyooka, linapanda kutoka chini linafika kama nyuzi 40 chini ya usawa, linagoma hapo. Mita inasoma 4.9 muda wote.

#25 fundi_redio
Asante kwa kurudi. Umeme ulikuwa tatizo, kesi imefungwa.

#26 Bi_Momenti
Imefungwa wapi na chupa bado iko chini?

Hebu ona kitu kizuri hapa. Nusu chupa kwa sm 40 ni 5, jumlisha mkono 6.8, ni 11.8 ukilala kabisa. Ukiwa nyuzi 40 chini ya usawa, umbali wa mlalo unapungua, unazidisha kwa 0.77. Inakuja 9.1. Na kwa 4.9V sevo inapaswa kugoma kwenye 9 na kitu. Imegoma palepale ambapo karatasi inasema. Sevo zako si feki.

#27 Jirani_wa_Luthuli
Yake ya bega si feki. Amepima moja. Yangu ya sita bado iko kwa droo na meno yake kwa kikopo.

#28 mkata_tiketi
Samahani naingilia. Kabla hujakimbilia za kilo 20, soma hii. Nilinunua DS3218 mbili, nikafunga, nikaandika nyuzi 90, ikaenda 135 ikavunja kiwiko. Kumbe zipo za nyuzi 180 na za 270, kwa nje zinafanana mapacha. Angalia maandishi ya tangazo kwa makini. Hata MG996R zipo zinazozunguka bila kusimama, ukifunga hiyo kwenye bega utaona feni.

#29 SevoKali
Na mimi nijikomboe. Hizo 20 na 25 mara nyingi namba kubwa ni ya 6.8V. Kwa saplai ya kompyuta ya 5V huipati yote. Itabidi achukue ule upande wa 12V, waya wa njano, apitishe moduli ya kushusha inayobeba ampea nyingi, XL4016 kwa mfano, aishushe mpaka 6 na kidogo. Kabla ya kufunga sevo, apime kwa mita. Wapo waliogusisha 12V moja kwa moja, wakapata moshi wenye harufu isiyosahaulika.

#30 Bi_Momenti
Leo SevoKali umepata vema.

#31 SevoKali
Naomba muhuri.

#32 mtundu_moro
Sasa niamue: 25 moja kwenye bega, au MG996R mbili, moja kila upande? Ya pili ninaweza kuitoa kwenye kitako nikaweka ndogo.

#33 Mzee_wa_Waipa
Waipa.

#34 fundi_redio
Mbili. 25 moja kwa mzigo wa 16.8 ni theluthi mbili ya uwezo wake, itachemka tu. Mbili zinagawana.

#35 Jirani_wa_Luthuli
Mbili zinapigana, buda. Zinaangaliana, kwa hiyo moja ikienda nyuzi 60 nyingine lazima iambiwe 120. Na hakuna mbili zilizo sawa. Moja inasema katikati ni hapa, mwenzake anasema ni pale, nyuzi mbili tatu pembeni. Zinasukumana usiku kucha zikiwa zimesimama, zote moto. Nilishafanya. Unaanza kurekebisha kwenye programu sevo kwa sevo, ukimaliza, skrubu inalegea, unaanza upya.

Halafu mbili za 11 ni 22. Ni chini ya 25 yenyewe!

#36 Yakhe_Unguja
Mpira ni bure, lakini endeleeni.

#37 Bi_Momenti
Hakuna aliyeuliza kiwiko. Chupa kwa sm 24 ni 6, koleo kwa sm 18 ni 1.1, sevo ya kifundo 0.8, plaiwudi 0.5. Ni 8.4. Na kiwiko kina MG996R ileile. Ukitibu bega, mgonjwa mwingine yuko kitanda cha pili. Na ukiweka sevo nzito kwenye kiwiko, bega linaongezewa mzigo.

Ndiyo maana mikono midogo kama MeArm inaweka sevo ya kiwiko chini kwenye kitako, inasukuma kiwiko kwa fimbo. Uzito wa sevo haupandi juu. Ule unatumia SG90 nne tu na unafanya kazi, kwa sababu ni mfupi na haujidai kubeba chupa.

#38 mkata_tiketi
Nyongeza ya programu. Usimwambie tu sevo "nenda 120". Itaruka kwa kasi yake yote, nyuzi 60 kwa sekunde 0.17, na mkono wenye chupa ukirushwa hivyo unaongeza mzigo mkubwa wa ghafla. Panda nyuzi moja, subiri milisekunde 20, nyuzi nyingine. Nyuzi 100 utazimaliza kwa sekunde mbili. Kwangu kuna sevo iliyokuwa "dhaifu", ikapona kwa mistari minne ya programu.

#39 SevoKali
Hiyo inasaidia kuanza na kusimama. Hainyanyui 16.8.

#40 mkata_tiketi
Sijasema inanyanyua.

#41 mtundu_moro
Wakuu, nimekata mkono.

#42 NgojaWaje
Pole sana ndugu, umeshafika hospitali?

#43 mtundu_moro
😂😂 wa plaiwudi. Sasa ni sm 12, sm 10, na sm 8 hadi chupa. Jumla 30. Bi_Momenti naomba unisahihishie: nimepata 12 kwa chupa nzima, 8.4 kwa nusu chupa.

#44 Bi_Momenti
12.1, umepata. Nusu chupa itabebwa, kwa shida. Nzima bado. Lakini angalia ulichofanya kwa msumeno tu: umeondoa karibu 5, hakuna sevo uliyonunua.

#45 fundi_redio
Na akipandisha volti hadi 6 anapata 11. Bado kidogo tu. Nasisitiza umeme.

#46 Jirani_wa_Luthuli
Nimerudia kile kipimo. Nimetumia betri ya 12V ya pikipiki na XL4016, 6V, mita kwa waya wa sevo. Moja kati ya zile tatu za 600 imefika 850. Nyingine mbili bado 600 na 650. Kwa hivyo fundi_redio ako sawa kwa moja, mimi niko sawa kwa mbili.

#47 fundi_redio
Sare ya ugenini naichukua.

#48 mtundu_moro
Jana usiku nimejaribu ya Yakhe. Tyubu ya baiskeli, ukanda wa sm 2, nimefunga kama alivyosema. Chupa NZIMA imepanda! Imekwenda mpaka kulia, mdogo wangu kapiga kelele majirani wakachungulia.

Tatizo: koleo likishaachia chupa, mkono hauteremki tena. Mpira unaushika juu, sevo inasukuma chini, inatetemeka kama mwanzo ila kwa upande wa pili. Nimelegeza ukanda kidogo, unateremka, lakini sasa chupa nzima haipandi.

#49 Yakhe_Unguja
Umeufunga ubebe mkono na chupa. Mpira ubebe mkono na *nusu* ya chupa. Kupanda sevo inasaidia nusu, kushuka inasukuma nusu. Toa chupa, zima umeme, shika mkono: ukiuachia uwe unapanda wenyewe polepole kidogo, si kuruka.

#50 Bi_Momenti
Hiyo nzuri. Nusu ya chupa kwa sm 30 ni 3.75 kila upande. Hapo hata MG996R inafanya kazi ndani ya nusu ya uwezo wake. Ila mpira unabadilika nguvu ukivutika, hautalingana kila pembe. Piga picha ulivyofunga ile ncha ya nyuma, nadhani imekaa chini mno.

#51 Mzee_wa_Waipa
Mota ya waipa ninayo ya ziada. Ipo Msamvu, kwa kijana wangu.

#52 mtundu_moro
Picha kesho, umeme umekatika sasa hivi na mkono umeganda hewani na chupa. Mzee, naja pembeni kuulizia hiyo waipa, kwa ajili ya kitako tu.